Kahawa ya Mbinga iliyoshindwa mezani ina mengi ya kumwambia mkulima

MASHINDANO mengi humrudisha nyumbani aliyeshindwa akiwa na neno moja tu, kwamba hakushinda. Mwandishi aliyepeleka muswada, mchoraji aliyepeleka picha na mwimbaji aliyepeleka wimbo wote husoma orodha ya washindi gazetini au kuisikia redioni, na asiyeliona jina lake hubaki kukisia mwenyewe alipokosea. Wapo wanaokisia vizuri. Walio wengi huishia kuwalaumu waamuzi.

Kahawa ni tofauti. Mkulima wa Mbinga, mkoani Ruvuma, anayepeleka sampuli yake katika mashindano ya ubora hupimwa kwa fomu ambayo waonjaji huijaza kipengele kwa kipengele, kwa namba, na pembeni huandika maneno machache kuhusu kile walichokihisi puani na kinywani. Fomu hiyo hujazwa kwa sampuli iliyoshika mkia sawasawa na inavyojazwa kwa iliyoongoza. Aliyeshinda hupata cheti, picha na pengine mnunuzi. Aliyeshindwa ana karatasi hiyo tu, na ikibaki ndani ya faili la ofisi, mjini au nje ya nchi, basi hana kitu.

Suala hili si dogo kwa wilaya ambayo kahawa yake ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, na ndiyo mbolea ya mahindi ya msimu unaofuata. Umatengo ni nchi ya milima mikali iliyo juu ya Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa yako takriban mita 475 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya vilele vya Umatengo vinakaribia mita 2,000, ingawa mtu akisimama Mbamba Bay huiona milima hiyo kwa macho. Pwani watu wanaishi kwa muhogo, mpunga na samaki. Juu, mahindi na maharage hulimwa kwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiteremke na mvua, na kahawa hupandwa karibu na nyumba. Tangu mwaka 2012, pale Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, pwani na sehemu kubwa ya milima vimekuwa chini ya halmashauri tofauti.

Kahawa aina ya arabika iliingia Umatengo katika miaka ya 1920. Kwa miongo mingi mkulima aliipeleka kwenye ushirika wake, ushirika ukaipeleka kiwandani kukobolewa, kisha ikasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Moshi, kwenye mnada na kwenye meza za waonjaji wa serikali. Hapo ilipewa daraja. Mkulima alijua bei ya mwisho, lakini ni nadra kujua mwonjaji alisema nini. Soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990, Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kilianguka kwa madeni, na wanunuzi wakaanza kufika vijijini na mizani yao. Waliangalia uzito, wakaangalia ukavu kwa kuing'ata mbegu, wakalipa. Mwenye kahawa safi na mwenye kahawa iliyovunda walipata bei moja kwa kilo. Si ajabu kwamba ubora ulishuka. Hakuna aliyelipwa kwa kuutunza.

Jitihada za kuurudisha zilianza mapema katika miaka ya 2000. Mwaka 2001 kilianzishwa Kilicafe, chama cha wakulima wa kahawa bora kilichosaidiwa na shirika la TechnoServe na kuwa na vikundi Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga. Kikajenga mitambo ya pamoja ya kumenya kahawa ili wanachama waachane na mashine za mkono. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu, ina kituo kidogo Ugano, Mbinga, na kuanzia mwaka 2005 imetoa aina mpya za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Serikali nayo ilifungua njia ya kuuza kahawa bora moja kwa moja nje bila kupitia mnada. Chama cha kahawa bora cha ukanda huu, kilichoundwa mwaka 2000 kwa jina la EAFCA na kubadilishwa kuwa AFCA mwaka 2012, kikaanzisha mashindano ya ladha yaitwayo Taste of Harvest katika nchi wanachama. Hivyo ndivyo kahawa ya kijijini ilivyofika kwenye meza ya waonjaji ikiwa na jina la kikundi chake.

Fomu yenyewe inasemaje

Fomu iliyotumika zaidi duniani kwa takriban miaka 20 ni ile ya Chama cha Kahawa Bora cha Marekani. Ina vipengele 10, na kila kimoja kina alama 10: harufu, ladha, ladha inayobaki kinywani baada ya kumeza, uchachu, uzito wa kinywaji juu ya ulimi, uwiano, kufanana kwa vikombe, usafi wa kikombe, utamu, na mwisho maoni ya jumla ya mwonjaji. Kahawa inayofikisha alama 80 kati ya 100 huitwa kahawa bora. Neno uchachu lisimtishe msomaji: mwonjaji anasifu uchachu wa chungwa au ndimu mbivu, si ule wa ugali uliolala.

Kwa kila sampuli huandaliwa vikombe vitano. Kila kikombe huwekwa gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji yanayokaribia kuchemka, na mbegu za kila kikombe husagwa peke yake. Wageni wengi hudhani ni mbwembwe. Sababu yake ni ya msingi: gramu nane za kahawa iliyokaangwa ni mbegu kama 60, na mbegu moja iliyooza inatosha kuharibu kikombe kizima. Kama vikombe vyote vingesagwa pamoja, uozo wa mbegu hiyo ungesambaa na kufifia. Zikisagwa mbali mbali, uozo unabaki mahali pake na kuonekana wazi.

Hapa ndipo hesabu inapomuumiza mkulima. Tuseme kahawa imepata 7.5 katika vipengele saba vinavyotegemea hukumu ya mwonjaji. Hizo ni alama 52.5. Vipengele vitatu vilivyobaki, yaani kufanana, usafi na utamu, huhesabiwa kwa vikombe, alama mbili kwa kila kikombe kisicho na kasoro. Vikiwa safi vyote vitano, sampuli inapata 30 kamili. Jumla ni 82.5, nayo inahesabika miongoni mwa kahawa bora. Sasa kikombe kimoja kati ya vitano kiwe kimechacha. Kinapoteza alama mbili katika kila kimoja cha vipengele hivyo vitatu, na jumla inashuka hadi 76.5. Kisha hutozwa adhabu ya kasoro: alama mbili kwa kikombe chenye dosari ndogo, alama nne kwa kikombe kisichonyweka. Kahawa ile ile, ya shamba lile lile, iliyochumwa siku ile ile, inaishia 72.5.

Mkulima akiambiwa tu kwamba amepata 72.5, atadhani kahawa yake ni duni na pengine atang'oa mibuni. Akioneshwa fomu, ataona kwamba vikombe vinne kati ya vitano vilikuwa vya kiwango cha kushindana, na kwamba kosa liko mahali padogo sana.

Kufuata harufu kurudi shambani

Maneno ya pembeni mwa fomu ni kama dalili anazozieleza mgonjwa kwa daktari. Kikombe kimoja kuchacha huku vingine vikiwa salama, kwa kawaida, ni ishara ya mbegu chache zilizobaki tangu jana: zilizonasa kwenye mashine ya kumenya, kwenye pembe za tangi la kuvundikia, au kwenye ndoo. Mbegu hizo huvunda siku mbili au tatu zaidi ya wenzake, kisha huchanganyika na kahawa mpya. Dawa yake ni maji na brashi kila jioni, pamoja na kuielea kahawa kabla ya kuimenya ili matunda mepesi yanayopanda juu yaondolewe.

Vikombe vyote vitano vikichacha, habari ni nyingine. Hapo tangi zima limepitiliza. Kuvundika ni kuuacha ulenda unaozunguka mbegu uyeyuke ili uoshwe, na muda wake hutegemea joto. Kwenye baridi ya Umatengo mwezi Julai, ukungu ukiwa umelala mabondeni hadi saa nne asubuhi, kazi hiyo inaweza kuchukua siku mbili hadi tatu. Mahali palipo chini na penye joto inaweza kwisha ndani ya saa 24. Mkulima anayefuata saa alizoambiwa kwenye semina iliyofanyika mkoa mwingine anaweza kuwahi au kuchelewa. Kipimo cha uhakika kimo mkononi: mbegu zikisuguliwa ndani ya maji, zikiacha kuteleza na kukwaruzana kama kokoto, muda umefika, na tangi halingoji asubuhi.

Mwonjaji akiandika ukakasi, au ladha ya majani mabichi, anazungumzia mikono ya wachumaji. Matunda ya kijani na ya njano yamechanganywa na mekundu. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na ndilo gumu kuliondoa, kwa sababu si la ujinga. Kuchuma mekundu tupu kunadai kuurudia mti uleule mara nyingi katika msimu, na kibarua anayelipwa kwa debe hana sababu ya kuchagua. Mwenye shamba asiyebadili namna ya kumlipa mchumaji asitegemee fomu ya mwaka ujao isomeke tofauti.

Ukungu na uvundo wa stoo humaanisha kwamba kahawa imekauka polepole mno, au imekauka vizuri kisha ikalowa tena. Kwenye vichanja, tabaka likiwa nene mbegu za chini hukosa hewa. Jioni zisipofunikwa hunywa umande. Kahawa inatakiwa ifikie unyevu wa kati ya asilimia 10 na 12 kabla ya kutiwa magunia, na magunia yasilale juu ya sakafu ya udongo wala kuegemea ukuta. Ladha ya udongo ndiyo rahisi kuliko zote kuitambua: kahawa ilianikwa chini.

Wakazi wa pwani ya Nyasa hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Usipa ulioanikwa juu ya mchanga wa ufukweni hauna bei sawa na ule ulioanikwa kwenye vichanja, na mnunuzi huujua kwa kuutafuna tu. Kuna jambo jingine linalounganisha pwani na milima katika habari hii. Kahawa hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani nayo: moshi wa jikoni, mafuta ya taa, mbolea, dawa ya mifugo. Gunia lililopanda kutoka ziwani likiwa na usipa, likafuliwa na kutiwa kahawa, litatambulika kwenye meza ya waonjaji Moshi, Kampala au kwingineko, hata kama mwenye kahawa mwenyewe ameshaizoea harufu hiyo na hasikii kitu.

Zipo pia fomu zisizo na kasoro hata moja. Vikombe vyote ni safi, vyote vinafanana, na jumla ni 79. Hizi ndizo humkatisha tamaa mkulima mwangalifu kuliko zote, kwa kuwa hazimwoneshi kosa la kurekebisha. Kahawa yake ni nzuri, ila haina kitu cha kumfanya mwonjaji asimame. Sababu inaweza kuwa aina ya mbuni, njaa ya udongo, jua kali lisilo na kivuli, au mwinuko. Mbolea na kivuli vinahitaji misimu kadhaa kuleta mabadiliko. Aina ya mbuni inahitaji miaka. Mlima hauongezwi urefu. Mkulima wa namna hii pengine ana haki ya kuachana na mashindano na kutafuta mnunuzi anayethamini kahawa safi isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Wanunuzi hao wapo, na mara nyingine ni wateja wa kudumu kuliko wanaonunua gunia kumi za mshindi.

Rwanda na ladha ya viazi

Mfano wa nchi nzima iliyojifunza kutokana na sampuli zilizokataliwa hauko mbali. Mwaka 2008 Rwanda iliandaa Cup of Excellence, mashindano yaliyozaliwa Brazil mwaka 1999, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Kahawa zake zilisifiwa, lakini miongoni mwake ziliibuka sampuli zenye kikombe kimoja kinachonuka kama kiazi kibichi kilichomenywa. Kikombe cha aina hiyo huiondoa sampuli mashindanoni, hata kama vinne vilivyobaki ni vya ajabu.

Kasoro hiyo ilikuwa ikijulikana katika nchi za Maziwa Makuu kabla ya hapo, na wanunuzi walikuwa wakiikwepa kimya kimya kwa kupunguza bei au kwa kutorudi. Mashindano yaliiweka hadharani. Watafiti wakaihusisha kwa karibu na antestia, mdudu wa jamii ya kunguni anayetoboa tunda la kahawa na kufungua njia kwa vijidudu. Ushauri ukawa wa kazi za mikono: kupogoa mibuni ili mwanga uingie na mdudu akose maficho, kuokota na kudhibiti wadudu shambani, kuielea kahawa, na kuichambua mara kadhaa ili mbegu zilizotobolewa ziondolewe. Ladha ya viazi haijatoweka kabisa. Lakini mkulima wa Rwanda leo anajua jina la kilichomnyima alama, na anajua anaishi wapi.

Mbinga inaweza kujiuliza kama inalijua jina la kwake. Jibu linategemea kitu ambacho hakimo kwenye fomu.

Daftari

Alama za mwonjaji zinaeleza kahawa ilivyo. Hazielezi ilifanywa nini. Akiandika kwamba sampuli namba fulani imechacha, mkulima anapaswa kuweza kufungua daftari na kusoma kwamba kahawa hiyo ilichumwa tarehe fulani, ilimenywa saa fulani jioni, ilikaa tangi la pili kwa saa kadhaa kwa sababu maji yalikatika, ikakaa kichanjani siku 14. Bila kumbukumbu hizo, fomu haina pa kushikia. Atajua kwamba alikosea, na msimu ujao atarudia kosa lilelile kwa bidii.

Suala hili limekuwa gumu zaidi tangu mwaka 2018, pale serikali ilipoelekeza kahawa ya wakulima wadogo iuzwe kupitia vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS. Utaratibu huo ulikusudia kumlinda mkulima dhidi ya walanguzi, na una faida yake. Lakini kwenye mtambo wa pamoja kahawa ya watu wengi huingia tangi moja. Mwanachama mmoja aliyechanganya matunda ya kijani anawaharibia majirani wote, na aliyechagua mekundu tupu hapati senti ya ziada kwa uangalifu wake. Fomu ikirudi, inarudi kwa chama. Katibu ataisoma, pengine ataitangaza mkutanoni, na kila mmoja ukumbini ataamini kwamba anayezungumziwa ni jirani yake.

Njia ya kulikwepa hilo haihitaji fedha nyingi. Mapokezi ya siku moja yasichanganywe na ya siku nyingine mpaka yawe yamekauka na kuonjwa, kila tabaka kichanjani liwe na kibao chenye namba, na kahawa ikaguliwe na kuchambuliwa mlangoni mbele ya aliyeileta. Kinachohitajika ni katibu anayeandika na mpokeaji anayethubutu kukataa debe la mtu anayemfahamu. La pili ni gumu kuliko la kwanza.

Kuna kikwazo kingine, na hiki hakiponyeki kwa brashi wala daftari. Mbinga wanakiita magoma: mkulima aliyebanwa na shida katika miezi ya njaa huuza kahawa ingali maua, kwa bei ndogo, na msimu ukifika humkabidhi mkopeshaji. Viongozi wa mkoa na wilaya wameipiga marufuku biashara hiyo mara kadhaa, nayo imeendelea kurudi kila shida inaporudi. Kwa aliyeuza kwa magoma, ubora ni mali ya mtu mwingine. Deni lake limeandikwa kwa kilo au magunia, hivyo ana kila sababu ya kuchuma mapema, yakiwa ya kijani, amalize deni. Kumpa mtu huyo fomu ya waonjaji ni kumwonesha faida itakayokwenda kwa mkopeshaji. Ndiyo maana vyama vinavyotaka alama za juu hujikuta vikihangaikia kwanza mikopo midogo ya Januari na Februari.

Bei nayo huchanganya hesabu. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Soko linapokuwa juu namna hiyo, hata kahawa ya hovyo hulipa, na ziada anayoipata mwenye kahawa bora huonekana ndogo mbele ya jasho lake. Tofauti hujitokeza bei inaposhuka. Hapo mwenye jina zuri kwa waonjaji hubaki na mnunuzi, na mwenye kahawa isiyojulikana hubaki na bei ya siku.

Si kila alama ni somo

Mkulima hapaswi kuipokea fomu kama hukumu isiyo na rufaa. Sampuli iliyokaangwa vibaya hupoteza harufu. Iliyokaa miezi mingi kabla ya kuonjwa huanza kuonja kama mti mkavu. Waonjaji ni binadamu, hutofautiana, na ndiyo maana mashindano makini huweka kadhaa na kutafuta wastani wao. Tofauti ya nusu alama kati ya mwaka huu na mwaka jana haina maana yoyote, na anayebadili shamba lake kwa sababu yake anafukuza kivuli. Jambo la kuzingatia ni neno linalorudiwa na waonjaji wengi kwa sampuli moja, au neno moja linalorudi kwa miaka miwili.

Chama chenye makao Marekani kilichorithi ile fomu ya zamani, ambacho sasa huitwa Chama cha Kahawa Bora, kilianza mwaka 2023 kuleta utaratibu mpya unaotenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa: kueleza kahawa ilivyo, na kusema kama mwonjaji ameipenda. Kwa mkulima aliyeshindwa, sehemu ya kwanza ndiyo yenye thamani. Mapenzi ya mwonjaji wa Oslo au Tokyo hayawezi kurekebishwa Litembo. Ukungu unaweza.

Vilevile kuna wanaoshindwa kwa sababu sampuli yao haikuwa kahawa yao. Mwenye nia ya kushinda huketi na familia yake akachambua kilo moja, mbegu kwa mbegu, na kuituma. Ikishinda, mnunuzi atakuja kutaka magunia yanayofanana nayo, na magunia hayo hayapo. Ikishindwa, fomu itaeleza ile kilo moja tu, na haitasema lolote kuhusu stoo. Sampuli inayofaa kujifunzia huchotwa kutoka magunia yote, juu, katikati na chini, pamoja na uchafu wake. Aidha, daraja la AA lisimdanganye mtu hapa. Herufi hizo zinahusu ukubwa wa mbegu unaopimwa kwa chekeche kiwandani, na mbegu kubwa iliyovunda ni mbegu iliyovunda.

Wakulima wengi wa Umatengo wamelima kahawa maisha yao yote bila kuinywa yao wenyewe, jambo linalowafanya wawe watu wa mwisho kujua kilichomo kikombeni. Kusubiri mashindano si lazima. Kikaango safi kisichopikiwa vitunguu, moto wa wastani na mkono usioacha kukoroga vinatosha kukaanga mbegu hadi ziwe na rangi ya kahawia, kwa kiasi cha kujaza vikombe vitano. Baada ya kulala usiku mmoja, mbegu hutwangwa kwa kila kikombe peke yake, kinu kikifutwa kila mara. Humiminiwa maji yaliyotoka kuchemka, huachwa dakika nne, kisha tabaka la juu huvunjwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu. Alama sahihi hazitapatikana kwa njia hiyo. Lakini kikombe cha tatu kikinuka tofauti na vingine vinne, aliyeivundika kahawa hiyo atakisikia, na bado atakuwa anakumbuka siku gani tangi halikuoshwa.